Kiuno Kinapouma, Picha Si Jibu la Kwanza

(Haya ni mazungumzo ya mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa umma, mjini Mtwara.)



Mliponialika kuzungumza juu ya maradhi ya kiuno na kipimo hiki cha MRI ambacho siku hizi kila mtu anakitaja, nilijiuliza kama mwandishi wa habari anayo haki ya kusimama mahali ambapo angestahili kusimama daktari. Sikusomea udaktari. Lakini ninayo shahada moja ambayo haikutolewa na Chuo Kikuu: kiuno changu kimeniuma kwa muda wa miezi minne, nimeingizwa katika mashine hiyo, nimekabidhiwa ripoti yake, nimeogopa, na nimepona. Tangu hapo nimesoma kila nilichoweza kukipata juu ya jambo hili, na nimewasumbua madaktari wengi kwa maswali. Niliyoyaokota ndiyo nitakayowaeleza.

Mambo yangu yalianza baada ya safari ya pikipiki kutoka hapa mjini hadi Kilambo, ukingoni mwa Ruvuma. Asubuhi yake niliinama kuinua ndoo ya maji, nikashindwa kunyanyuka. Maumivu yakashuka kutoka kiunoni, yakapita nyuma ya paja, yakatua kwenye shavu la mguu. Nikaenda katika hospitali moja, ambayo sina haja ya kuitaja. Aliyenipokea hakunilaza kitandani, hakuugusa mguu wangu, wala hakuniuliza nafanya kazi gani. Alichukua kalamu akaandika: MRI. Baada ya picha nikapewa ripoti ya ukurasa mmoja, na kwa kifupi ilisema kwamba diski mbili zimekauka, moja imevimba, na nyingine imetokeza kuelekea kwenye neva.

Ndugu zangu, niliisoma ripoti ile kama mtu anayesomewa hukumu. Niliacha kumbeba mwanangu. Nililala chali juu ya mkeka kwa majuma mawili, nikiamini kwamba nikigeuka vibaya mgongo utakatika. Hali ikazidi kuwa mbaya. Aliyenitoa pale mkekani ni tabibu mmoja wa makamo, jirani yetu. Aliuinua mguu wangu, akanigonga goti na kisigino kwa kinyundo chake, akanitaka nitembee kwa vidole vya miguu na kisha kwa visigino, akaniambia: “Mdogo wangu, neva yako imekasirika lakini haijafa. Inuka utembee.” Niliinuka. Haikuwa siku ile wala juma lile, lakini nilipona bila ya kisu.

Sasa tujiulize, picha ile ilisema uongo? La hasha. Ilisema kweli tupu. Tatizo lilikuwa kwamba ilijibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Ili tuelewane, hatuna budi kuanza na mgongo wenyewe. Sehemu ya chini ya uti wa mgongo, ile tunayoiita kiuno, ina pingili 5 kubwa zilizopangwa moja juu ya nyingine, na chini yake upo mfupa mpana wa nyonga. Kati ya pingili na pingili kuna diski. Diski si mfupa. Ni kama mto mdogo wa mviringo: nje umezungukwa na tabaka nyingi za nyuzi ngumu, na ndani una ute mzito ambao kwa kijana umejaa maji. Mchana kutwa tunaposimama na kubeba, diski hukamuliwa maji kidogo kidogo. Usiku tunapolala huyanyonya tena. Ndiyo maana mtu akipimwa urefu alfajiri huzidi kama sentimita moja hivi ya urefu wake wa jioni. Walimu wa sayansi wanaweza kulijaribu jambo hili pamoja na wanafunzi wao bila ya gharama yoyote.

Jambo jingine la ajabu ni kwamba diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ndani yake. Chakula chake huingia kwa kupenya taratibu kutoka kwenye mifupa ya jirani. Kadiri miaka inavyopita ute hupungua maji, nyuzi hupata nyufa, na mto huwa mwembamba. Hali hiyo huanza mapema kuliko tunavyodhani, na mara nyingi haileti maumivu yoyote. Lakini pengine ufa huwa mkubwa, ute ukasukumwa nje, ukaigusa neva inayopita nyuma yake kwenda mguuni. Hapo ndipo mtu hulia. Aghalabu hutokea katika diski mbili za chini kabisa, na ndiyo sababu maumivu hushuka nyuma ya mguu hadi unyayoni. Mwaka 1934 madaktari wawili wa Boston, Marekani, Mixter na Barr, ndio walioandika kwa uwazi kwamba maumivu ya namna hii yanaweza kuletwa na diski iliyopasuka, na kwamba kisu chaweza kuyaondoa. Tangu hapo diski ikawa mshitakiwa mkuu wa kila kiuno kinachouma, hata pale isipohusika.

Eksirei ya kawaida haiioni diski. Huona mifupa tu, na katikati huacha nafasi tupu. Kwa hiyo kwa miaka mingi madaktari walikuwa wakikisia. MRI ndiyo iliyofungua dirisha. Chanzo chake ni kazi ya wataalamu wengi, lakini picha ya kwanza ya namna hii ilichapishwa mwaka 1973 na Mmarekani Paul Lauterbur, na Mwingereza Peter Mansfield akaonyesha jinsi ya kuipata kwa haraka. Wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003.

Mashine yenyewe ni sumaku kubwa yenye tundu ambamo mgonjwa hulazwa. Nguvu ya sumaku hiyo huzidi ile ya dunia, inayoielekeza dira ya nahodha, kwa zaidi ya mara elfu ishirini. Mwili wetu umejaa maji, na ndani ya maji mna haidrojeni, ambayo kila chembe yake ni kama dira ndogo sana. Sumaku huzipanga dira hizo. Kisha mashine huzigonga kwa mawimbi ya redio, zinayumba, na zinaporejea mahali pake hutoa mawimbi dhaifu ambayo kompyuta huyageuza kuwa picha. Hakuna mionzi ya eksirei. Kuna kelele nyingi, kama fundi anayegonga bati, na mgonjwa hutakiwa atulie tuli kwa nusu saa hivi. Mwenye kifaa cha umeme cha kuusaidia moyo, au kipande cha chuma jichoni, hana budi kulisema hilo mapema, maana sumaku haina mzaha.

Katika namna mojawapo ya picha hizo maji huonekana meupe. Diski yenye maji huonyesha kiini cheupe katikati. Iliyokauka huwa nyeusi. Ilivyotokeza nyuma huonekana kama ulimi mdogo, na neva iliyobanwa huonekana pia. Kwa macho ya daktari mpasuaji ni neema kubwa.

Lakini hapa ndipo hadithi inapogeuka. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani waliwapiga picha watu 98 ambao hawakuwa na maumivu ya mgongo hata kidogo. Walikuta kwamba 52 kwa mia walikuwa na diski iliyovimba angalau mahali pamoja, na 27 kwa mia walikuwa na iliyotokeza. Watu waliokuwa na diski safi zote walikuwa 36 kwa mia tu. Mwaka 2015 zilikusanywa pamoja tafiti 33 zenye watu 3,110 wasio na maumivu. Katika hao, wenye umri wa miaka 20 walikuwa na diski zilizochakaa kwa kiwango cha 37 kwa mia. Walipofika miaka 80 ilikuwa 96 kwa mia. Yaani katika picha, diski iliyokauka ni kama mvi kichwani. Hakuna anayekwenda hospitali kulalamika kwamba mvi zinamwuma.

Mimi nilipopigwa picha nilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 30. Laiti ripoti yangu ingekuwa na mstari mmoja unaosema kwamba watu wengi wa umri huu, wazima wa afya, wana diski kama hizi, ningeokoa majuma mawili ya mkeka.

Tena picha husomwa na binadamu. Mwaka 2017 ilichapishwa habari ya mwanamke wa miaka 63, mwenye maumivu ya kiuno na mguu, aliyepelekwa katika vituo 10 vya MRI nchini Marekani katika muda wa majuma matatu. Vituo vile kumi viliandika kasoro 49 mbalimbali. Mnadhani ni ngapi zilizotajwa na vituo vyote kumi? Hata moja. Mgongo ni ule ule, mwezi ni ule ule. Sisemi hivi ili kuwadharau wasomaji wa picha. Kazi yao ni ngumu, na sisi waandishi kumi tukitumwa kwenye mkutano mmoja tutaleta habari kumi. Nasema ili tujue kwamba karatasi ile si maandiko matakatifu.

Na kuna jambo ambalo lilinishangaza kupita yote. Watu wengi hudhani kwamba diski ikishatoka haiwezi kurudi ila kwa kisu. Kumbe mwili una wafagiaji wake. Kipande kilichotoka huonekana na mwili kama mgeni, chembe nyeupe za damu humshambulia mgeni huyo na kumla. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2015, uliokusanya tafiti nyingi, ulionyesha kwamba diski iliyovimba tu hupungua yenyewe kwa 13 kwa mia ya wagonjwa, iliyotokeza kwa 41, iliyochomoza kabisa kwa 70, na kipande kilichokatika na kuanguka peke yake hupungua kwa 96 kwa mia. Yaani picha inayotisha zaidi ndiyo mara nyingi yenye matumaini zaidi. Na wataalamu wa Uholanzi walipowapiga picha upya wagonjwa wa maumivu ya mguu baada ya mwaka mmoja wa matibabu, katika kazi iliyotoka mwaka 2013, walikuta kwamba diski bado imetokeza kwa 35 kwa mia ya waliopona na 33 kwa mia ya wasiopona. Ukipewa picha zile bila ya majina usingeweza kusema nani anacheza mpira na nani anachechemea.

Baada ya kusema hayo yote, ndugu Mwenyekiti, isije ikadhaniwa kwamba nawaambia watu waikimbie MRI. Kinyume chake. Wapo watu ambao kwao picha hiyo ni suala la kutembea au kutotembea, na wapo hapa hapa kwetu. Naomba mnisikilize kwa makini sana, maana walimu ndio watakaoulizwa vijijini.

Wa kwanza ni yule ambaye pamoja na maumivu ya kiuno mkojo umekataa kutoka, au unamtoka bila ya kujua, au choo kinamtoka bila ya hiari, na amepata ganzi sehemu za siri na makalioni, pale mtu anapokalia tandiko la baiskeli. Kwa mtu huyu fungu zima la neva za chini limebanwa. Anahitaji picha na daktari mpasuaji kwa hesabu ya saa. Kwa aibu watu wetu huficha jambo hili, akina mama hasa, na aibu hiyo huwagharimu miguu.

Wa pili ni yule ambaye mguu wake unapoteza nguvu siku hadi siku: unyayo hauinuki, kandambili inamvuka bila ya kujua. Maumivu yakipungua huku nguvu nazo zinapungua, hiyo si nafuu.

Wa tatu ni mwenye homa, anayetokwa jasho usiku, anayekonda, na mgongo unamwuma hata akilala. Hapa kwetu tufikirie kwanza kifua kikuu cha mgongo. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, na ugonjwa huu haukai kifuani tu. Huula mfupa wa pingili na diski ya jirani, ukaacha jipu baridi na kibyongo. Eksirei huuonyesha umeshaharibu. MRI huuonyesha mapema, wakati dawa peke yake zinatosha. Na dawa za kifua kikuu nchini mwetu hutolewa bure. Ni mara ngapi mtu wa namna hii amekandwa kiuno kwa miezi, akaambiwa amebeba mizigo mizito? Katika fungu hili waingie pia waliowahi kuugua saratani, kama ile ya matiti au ya tezi dume, kwa maana saratani hizo hupenda kuhamia mifupani.

Wa nne ni aliyeanguka. Katika pwani hii, kutoka Msangamkuu hadi Msimbati na mdomo wa Ruvuma, tunaishi chini ya minazi, na mkwezi hapandi na kamba ya usalama. Mkwezi akianguka asinyanyuliwe kwa mikono na miguu kama gunia. Alazwe juu ya ubao au mlango uliong'olewa, mwili umenyooka, ndipo asafirishwe. Kwake picha ya kwanza ni ya mifupa. MRI hufuata kama miguu haina nguvu au haina hisia.

Wa tano si wa dharura. Ni yule ambaye maumivu yake ya mguu hayakupungua baada ya majuma sita na zaidi ya matibabu, na daktari anafikiria upasuaji. Huyu anahitaji picha kwa sababu mpasuaji anahitaji ramani: diski ipi, upande upi. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, ina wapasuaji wanaoifanya kazi hiyo, na hakuna hata mmoja wao anayeweza kupasua kwa kukisia.

Nje ya hao watano, miongozo ya wataalamu duniani inapatana kwamba kiuno kinachouma hakihitaji picha katika majuma sita ya mwanzo. Kinahitaji kuguswa. Mgonjwa alazwe chali, mguu uliyonyooka uinuliwe taratibu. Maumivu yakishuka chini ya goti kabla mguu haujafika juu, neva inashukiwa. Kidole gumba cha mguu kijaribiwe nguvu. Goti na kisigino vigongwe. Ngozi ichomwechomwe kidogo kutafuta ganzi. Yote haya huchukua dakika kumi na kinyundo cha mpira, na yanaweza kufanywa katika zahanati ya Madimba au Kitaya bila ya umeme. Tabibu aliyefanya hivyo anaweza kutaja diski gani inashukiwa kabla ya picha, na picha ikija humkubalia au humkatalia. Hapo ndipo MRI inapokuwa na thamani yake, maana imeulizwa swali.

Nalisema hili Mtwara kwa sababu maalumu. Kwa miaka mingi mgonjwa wa huku aliyehitaji kipimo kikubwa alitazama njia ya Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550. Wazee wanakumbuka masika kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, gari lilivyongoja Rufiji. Na tusidhani yamekwisha kabisa: Mei 2024, wakati wa mvua na Kimbunga Hidaya, barabara hiyo ilikatika pale Somanga na watu wakakwama pande zote mbili. Ndiyo maana Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2021 na kufunguliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Septemba 2023, ni jambo kubwa kwa watu wa Mtwara, Lindi na Ruvuma. Lakini mashine ya MRI, iwe hapa au Muhimbili, siku yake ina saa zile zile. Kila picha huchukua nusu saa, na kila picha inahitaji mtu aliyesomea kuisoma. Nusu saa aliyopewa mtumishi ambaye kiuno kimemkaza tangu Jumatatu ni nusu saa aliyonyimwa mkwezi wa Msimbati ambaye miguu haimsikii.

Hapa naomba niseme wazi, maana nawaona nyuso zenu. Sisi wenye kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ndio tunaoongoza kwa kudai picha. Mfuko huo uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999 na kuanza na watumishi wa umma mwaka 2001. Tunachangia 3 kwa mia ya mshahara na mwajiri 3. Basi mtu hufika kwa daktari akasema, “Fedha zangu zinakatwa, niandikie MRI.” Nami nimewahi kuwaza hivyo hivyo. Lakini mfuko si sanduku la mtu mmoja, na kwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 tunatazamia kwamba mvuvi na mkulima wa korosho wataingia humo humo. Watakapoingia wakute nini?

Na huyo mkulima wa korosho ndiye aliyenifanya niongeze sehemu ya mwisho, ambayo haikuwamo katika kichwa cha mazungumzo mliyonipa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na hakuna maradhi mengine yanayowaondolea watu miaka mingi zaidi ya kufanya kazi. Hatuwezi kuwapiga picha wote. Lakini tunaweza kutazama kazi zao. Tazama akina mama wanaoinama juu ya miamba maji yakitoka, wakitafuta pweza. Tazama wanaopandikiza mpunga katika bonde la Ruvuma, wanaokokota chumvi katika mashamba ya chumvi, wanaovuta juya ufukoni. Kisha nenda kwenye ghala la korosho msimu ukifika. Gunia la korosho ghafi hukaribia kilo 80, na hupanda juu ya bega la mtu mmoja, mara nyingi akipita juu ya ubao. Tangu mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza kwamba mzigo wa mwanamume mtu mzima usizidi kilo 55. Ni hesabu rahisi, hata darasa la tatu wanaiweza: kilo 25 zimezidi.

Lakini tuwe wakweli hata katika hili. Watafiti waliowalinganisha mapacha wa Finland, mmoja mwenye kazi nzito na mwenzake mwenye kazi nyepesi, waligundua kwamba uchakavu wa diski katika picha hutokana zaidi na urithi wa wazazi kuliko na kazi. Hivyo mchukuzi wa ghalani akipigwa MRI, huenda diski zake zikafanana na za ndugu yake aliyekaa ofisini. Maumivu yake hata hivyo ni ya kweli, na mzigo mzito unajulikana kuwa unaleta maumivu ya kiuno. Ila ushahidi wake haumo katika filamu. Anayetaka kuuona aende ghalani na mizani.

Wazee waliokuwapo mwaka 1973 watakumbuka kampeni ya “Mtu ni Afya”, watu karibu milioni mbili walipokusanyika katika vikundi kusikiliza redio na kujadiliana juu ya malaria na vyoo. Hawakungoja mashine. Sioni kwa nini vyama vya msingi vya ushirika, ambavyo ndivyo vinavyopokea korosho hizo, visikae pamoja na wachukuzi wao na kuzungumza juu ya uzito wa gunia, au angalau juu ya kubebwa na watu wawili, au juu ya mkokoteni. Wapo watakaosema kwamba mnunuzi hataki magunia madogo. Saruji huuzwa katika mfuko wa kilo 50, na sijasikia nyumba iliyoshindikana kujengwa kwa sababu hiyo.

Kwa upande wa sisi tunaokaa vitini, tabibu wangu aliniagiza mambo matatu nami nayafuata mpaka leo, isipokuwa ninapokuwa na gazeti la kufunga usiku: nisikae zaidi ya saa nzima bila ya kusimama, nitembee kila siku, na kiuno kikianza kukaza nisikimbilie mkeka. Mwalimu anayesahihisha madaftari mia na ishirini akiwa ameinama juu ya meza fupi anaelewa ninachosema.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Naona yupo ndugu mmoja kule nyuma ambaye ameshika kiuno chake tangu nilipoanza. Naomba awe wa kwanza kuuliza, na tafadhali aulize akiwa amesimama.